Vishungi vya Unyamwezi

Wengi wetu wa pwani hudhani kwamba mtindo wa nywele za mawimbi ulianza na dawa ya kalikiti, iliyovuma mijini mwetu miaka ya 1980. Njia ya misafara yatukumbusha jambo la kale zaidi.

Mnamo Novemba 1857, Richard Burton na John Speke waliwasili Kaze, karibu na Tabora ya leo. Katika kitabu chake kilichotoka 1860, Burton aeleza kwamba Wanyamwezi waliziacha nywele zikue hadi inchi nne au tano, wakazisokota vishungi vidogo vidogo vilivyoning'inia mpaka shingoni.

Kalikiti ni kazi nyingine. Dawa ya kwanza huvunja vifungo vilivyomo ndani ya unywele. Unywele ukazungushwa kwenye rola. Dawa ya mwisho huvifunga upya katika umbo geni. Kishungi cha Mnyamwezi hakikuvunja kitu. Kiliufuata unywele ulivyoumbwa.

Wanyamwezi ndio waliobeba pembe za ndovu mabegani hadi Bagamoyo. Huko walikutana na waungwana wenye vichwa vilivyonyolewa na kofia zilizodariziwa, nao wakawaita washenzi. Jina hilo lilitosha kuufanya ustadi wa bara usihesabiwe kuwa ustadi.

Karne moja baadaye, wajukuu wa waungwana hao walikaa mbele ya vioo vya saluni, wakalipa fedha, wapate vishungi. Hapana aliyemtaja mpagazi. Tunapoandika historia ya mapambo yetu, haki yataka tumtaje.