Kidonda Kisichofunga

Mwaka 1962, Bernard Naylor alichapisha katika jarida la Thorax uchunguzi wa kitu ambacho wengi wetu hatungetaka kukitazama mara mbili: makohozi ya watu wenye pumu. Kwenye hadubini kulikuwa na mafungu ya seli zilizobanduka kutoka utando wa ndani wa mirija ya hewa, zikiwa bado zimeshikana. Mafungu hayo yakaja kuitwa Creola, jina la mgonjwa mmoja. Hatari ilikuwa hapo: asiyeyajua angeweza kudhani ni saratani.

Sisi wa Kitui tumekua tukiambiwa pumu ni kifua kubana, basi. Susu anapika kwa kuni, moshi unajaa jikoni, vumbi la Agosti linamalizia, na kifua kinaanza kupiga miluzi. Unavuta inhela ya buluu, kinafunguka, stori imeisha. Si ndiyo?

Haijaisha. Dawa hiyo, salbutamoli, iliyoingia sokoni mwaka 1969, hulegeza misuli inayozunguka mirija. Utando uliobanduka hauponywi nayo.

Kazi hiyo hufanywa na seli zenyewe, na Mkamba yeyote ataielewa haraka kwa sababu ni mwethya mtupu. Pengo likitokea, majirani hawangoji kuitwa. Seli za chini zilizobaki hujitandaza na kutambaa hadi pengo lizibe, kisha hugawanyika, na baadaye baadhi yao huota vile vinyweleo vinavyosukuma kamasi kwenda juu. Miaka ya 1990 watafiti wa Lund, Uswidi, waliona kwa wanyama wa maabara kwamba kutambaa huko huanza ndani ya dakika chache. Dakika, bana!

Kwenye pumu, mwethya haumalizi shamba. Stephen Holgate na wenzake wa Southampton walianza kuieleza pumu kama kidonda kisichofunga: seli zinaendelea kutuma ishara kwamba zimeumia, tishu ya chini inajaza nyuzi za kolajeni, ukuta unanenepa, njia inazidi kuwa nyembamba. Kwangu hiyo inaeleza mengi kuliko kubana peke yake. Ila kubana nako kuna makosa yake. Mwaka 2024 timu ya Jody Rosenblatt, King's College London, ilionyesha kwenye panya na tishu za binadamu kwamba mirija ikibana hukamua seli nje kupita kiasi. Salbutamoli haikuzuia uharibifu huo.

Tayari mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa GINA ulikuwa umeacha kushauri vijana na watu wazima watibiwe kwa inhela ya kufungua pekee, bila steroidi ya kuvuta inayotuliza uvimbe. Shida ni kwamba steroidi haikupi nafuu ya papo hapo. Shangazi yangu wa Wote aliiacha baada ya wiki moja, akisema haina nguvu. Susu huivuta asubuhi na jioni, halafu anasukutua mdomo, maana dawa ikibaki humo inaweza kuleta utando mweupe kwenye ulimi.