Nusu sekunde kati ya mwalimu na farasi

Haya wasomaji, leo nawaletea habari za farasi. Najua mmezoea kunisoma nikilalamikia programu zinazokwama, lakini subirini, tutafika hukohuko.

Aprili 2020, siku chache baada ya serikali kufunga njia za kuingia na kutoka Nairobi, dada mmoja anayefuga farasi karibu na Nanyuki alinipigia simu. Anajifunza dresaji, ule mchezo ambao farasi hutembea, hukimbia na kubadilisha miguu kwa ishara ndogo mno kutoka kwa aliyempanda, ishara ambazo mtazamaji hatakiwi hata kuziona. Mwalimu wake ni Mjerumani aliyekuwa akija Kenya mara moja kwa mwaka. Mwaka huo ndege za abiria zilikuwa zimesimamishwa tangu mwishoni mwa Machi. Basi wakaweka simu kwenye stendi kando ya uwanja, yeye akavaa visikizi, na mwalimu akawa anamtazama kutoka Ujerumani.

"Kaka," akaniambia, "kila Mwalimu anaposema 'sasa', mimi nimeshachelewa. Farasi ameanza kukasirika. Hebu niangalizie hii mitambo."

Nikadhani ni kazi ya dakika kumi. Kumbe nilikuwa nimeingia kwenye tatizo la zaidi ya miaka elfu mbili.

Maana kufundishwa farasi na mtu asiyekuwepo si jambo la jana. Mgiriki Xenophon aliandika kitabu cha kupanda farasi kama mwaka 350 kabla ya Kristo, naye mwenyewe anakiri kwamba kabla yake kuna mtu aitwaye Simon aliyekwisha kuandika. Mwaka 1550 Federico Grisone wa Naples alichapisha chake, kimejaa adhabu ambazo leo zingempeleka mtu mahakamani. Ninayempenda mimi ni Antoine de Pluvinel, aliyemfundisha mfalme Louis XIII wa Ufaransa. Kitabu chake kimeandikwa kama mazungumzo kati yake na mfalme huyo kijana, kina michoro mikubwa ya kupendeza, na kilitoka 1623, miaka mitatu baada ya Pluvinel kufariki. Huyo ndiye mwalimu wa mbali kweli!

Lakini kitabu kina kasoro moja, hakikuoni. Ukikosea, kinaendelea kusema yaleyale. Shule ya Kihispania ya Vienna hadi leo inaegemea mafunzo ya Mfaransa La Guérinière, ambaye kitabu chake kilichapishwa kikamilifu 1733. Hata hivyo kijana anayeanza pale hapewi kitabu akaambiwa nenda. Anapandishwa farasi aliyefungwa kamba ndefu, hana hatamu wala vikuku vya kukanyagia, na mwalimu amesimama katikati ameishika kamba hiyo.

Na si kila mtu aliyeruhusiwa kusogea pale katikati. Kwenye Olimpiki ya London, 1948, timu ya Uswidi ilishinda dhahabu ya dresaji. Mmoja wao, Gehnäll Persson, alikuwa sajini tu, na kanuni zilitaka afisa. Jeshi likampa uluteni kwa ajili ya michezo, kisha likamvua. Mwaka 1949 Uswidi ikapokonywa medali. Aibu ile ilisaidia kuibomoa kanuni: mwaka 1952 huko Helsinki Persson alirudi na timu yake ikatwaa dhahabu tena. Wanawake nao waliruhusiwa mwaka huohuo, na Lis Hartel wa Denmark, ambaye polio ilikuwa imempooza miguu kuanzia magotini kwenda chini, akachukua fedha. Nikisikia mtu akisema masomo ya video ni ya wasio na uwezo wa kupata mwalimu halisi, humkumbuka yule sajini.

Picha zilikuja kusaidia pale vitabu viliposhindwa. Juni 1878, kwenye shamba la Leland Stanford huko Palo Alto (ndiyo, palepale palipokuja kuwa chuo kikuu chenye jina lake), Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kando ya njia. Farasi akipita anakata nyuzi, kila uzi unafyatua kamera yake. Ikathibitika kwamba farasi akitimua mbio kuna wakati miguu yote minne iko hewani, na si pale inapotanuka mbele na nyuma kama wachoraji walivyokuwa wakichora, bali pale inapokusanyika chini ya tumbo. Binadamu walikuwa wamemtazama farasi kwa maelfu ya miaka na hawakuwa wameliona hilo.

Baadaye zikaja kaseti za VHS, 1976, kisha YouTube, 2005. Vyote hivi ni vya kutazama baada ya tendo. Video ya moja kwa moja ndiyo iliyomrudisha mwalimu uwanjani, na hapo ndipo kulipo na taabu.

Kabla ya Julai 2009, kebo ya SEACOM ilipoanza kazi, intaneti yetu ya Kenya ilitegemea setilaiti. Setilaiti hizo zilikaa kama kilomita 36,000 juu ya ikweta. Picha ipande, ishuke, kisha sauti ya mwalimu ipande na kushuka: karibu nusu sekunde imekwenda hata kabla mashine yoyote haijafanya lolote. Kwa mazungumzo ya kawaida mtu huvumilia. Kwa farasi haivumiliki. Akiwa katika zile mbio laini za mapigo matatu, hupiga hatua kama 100 kwa dakika, yaani hatua moja kwa sekunde 0.6. Ishara ya kubadilisha miguu lazima ifike kabla tu ya ile nukta ambayo miguu yote iko hewani. Ikichelewa, miguu imeshatua.

Lakini hii ilikuwa 2020, kebo tunazo. Mbona basi dada anachelewa?

Sikuweza kutoka Nairobi, kwa hiyo nami nikafanya kazi kwa mbali. Nikamwomba amtembeze farasi polepole, mwalimu apige kofi kila anapoona kwato la mbele la kushoto likigusa ardhi, na simu ya pili irekodi kwato pamoja na sauti ya makofi kutoka kwenye spika. Nikahesabu fremu. Kofi lilikuja fremu 18 baada ya kwato, na video ilikuwa ya fremu 30 kwa sekunde. Sekunde 0.6, hatua nzima!

Wa kwanza kushukiwa ni kebo, na kebo haina hatia. Mwanga ndani ya faiba hutumia kama milisekunde 50 kwa kila kilomita 10,000. Uwanja kamili wa dresaji una urefu wa mita 60, na sauti ya mwalimu anayepaza sauti kutoka upande mmoja hadi mwingine hutumia kama milisekunde 175. Kwa maneno mengine, hewa ya uwanjani ni nzito kuliko bahari. Muda wetu ulikuwa ukiliwa na simu inayobana picha, na mtandao dhaifu wa shambani, na ile akiba ya pakiti ambayo programu za simu za video hujiwekea ili sauti isikatikekatike. Tukapunguza ukubwa wa picha, sauti tukaihamishia kwenye simu ya kawaida. Tukafika fremu 11. Hapo nikagota.

Nikamwandikia mwalimu barua pepe kumweleza kwamba zilizobaki haziondoki. Farasi hajui habari za mtandao. Hujifunza kutokana na nukta ile anapoachiliwa mguu au hatamu, na akiachiliwa kwa kuchelewa, anajifunza kosa. Mwalimu akanijibu kwa mstari mmoja: basi sitasema "sasa" tena.

Tangu siku hiyo akawa anahesabu kwenda nyuma, tatu, mbili, moja, akifuata mdundo anaouona, na "sasa" akamwachia mpandaji.

Njia zilifunguliwa Julai 7. Wiki iliyofuata nilikuwa Nanyuki, nimekaa juu ya ua wa mbao nikishika simu. Farasi akazunguka kona, mwalimu akaanza kuhesabu. Tatu. Mbili. Picha ikaganda, simu ikakatika. Dada hakujua kama mimi nilivyojua. Alimalizia hesabu mwenyewe kwa sauti, na farasi akabadilisha miguu.