Beringi za Thelathini

Historia ya nchi aghalabu huandikwa kwa hotuba za wakubwa. Mimi niliyekulia Mlowo nathubutu kusema kwamba taabu zetu za miaka ya 1980 zingeweza pia kusomwa ndani ya injini ya lori.

Mlowo ni mtoto wa barabara. Ian Smith alipoitangazia Rhodesia uhuru wa walowezi tarehe 11 Novemba 1965, Zambia ililazimika kutafuta njia nyingine ya kupitishia mafuta na shaba yake. Malori yakaanza kupita kwetu mfululizo, vumbini na matopeni, na ajali zikawa nyingi hata Wazungu wakaibandika barabara hiyo jina la Njia ya Jehanamu. Bomba la TAZAMA lilifunguliwa mwaka 1968, lami ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1970, na reli ya TAZARA ikakabidhiwa mwaka 1976. Wakati wote huo, kila lori lililoharibika kando ya njia liliacha kijana mmoja aliyejifunza kushika spana.

Kisha ikaja dhiki. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, vita vya Kagera vikafuata mwaka 1978 na 1979, na bei ya mafuta ikapanda tena. Fedha za kigeni ziliadimika. Magari yetu yalikuwa ya kila kabila, kwa kuwa yalikuja kwa misaada na mikopo ya nchi mbalimbali, na kila moja lilidai spea za kwao. Mwaka 1983 Serikali ilipoanza kuwasaka wahujumu uchumi, hata aliyekuwa na sanduku la spea uvunguni alikosa usingizi.

Katika hali hiyo, mwaka 1984, lori la baba mdogo, Bedford ya dizeli ya silinda sita, lilianza kugonga. Fundi aliishusha injini uani, akaipima kipande kwa kipande. Hakuwa na nia ya kuifanya iwe na nguvu kuliko ilivyozaliwa. Alitaka ivute kahawa ya vijijini na kurudi nyumbani. Kamshafti na konrodi alizirudisha. Ringi alichagua za chuma cha kawaida badala ya zile za kromu. Za kromu hustahimili vumbi zaidi, lakini hutaka silinda iliyonyooka sawasawa, na zetu zilikwisha kulika kidogo. Dereva alipomwomba aifungue skrubu ya pampu ili lori lipande milima kwa kasi, alikataa. Dizeli ya ziada, alisema, huleta moshi na joto, na joto hupasua pistoni.

Tatizo kubwa lilikuwa krenkishafti, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Ulikuwa na mikwaruzo. Tiba yake ni kuusaga uwe laini, kisha kuufungia beringi nene zaidi ili kuziba pengo. Beringi hizo hutengenezwa kwa hatua za inchi 0.010, yaani kama robo ya milimita. Mafundi huziita za kumi, za ishirini, za thelathini. Kila unaposaga unapanda hatua moja, na hatua zikiisha mhimili unakuwa chuma chakavu.

Mhimili wetu ulihitaji kumi tu. Tunduma, kwa siri, zilipatikana za thelathini tu.

“Mzee,” fundi alimwambia baba mdogo, “hizi za thelathini naweza kuzifunga wiki ijayo. Lakini tutakuwa tumeila krenki milo mitatu kwa mkupuo mmoja.”

“Na kahawa ya watu, fundi? Itanisubiri?”

Fundi hakuwa na jibu. Baba mdogo alilala na swali hilo siku mbili, kisha akaamua kungoja. Bajeti ya Juni mwaka huo iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa bila kuulizwa walikozipata, na dukani Mbeya spea zikaanza kuonekana kidogo kidogo. Beringi za kumi tulizipata Oktoba. Msimu ulikuwa umekwisha, kahawa ilikwisha kubebwa na wengine, na ng’ombe wawili walikuwa wameuzwa.

Jirani yetu, mwenye lori kama letu na ubovu kama wetu, alizichukua zile za thelathini. Alibeba kahawa msimu mzima, akaezeka nyumba kwa bati. Baada ya miaka miwili mhimili wake ulikwaruzika tena, na safari hii hapakuwa na pa kusaga. Lori likaota majani. Watu walimcheka, mimi sikuona la kucheka. Hakuwa na ng’ombe wa kuuza, na wanawe walitaka kula mwaka ule ule. Subira nayo ina bei, na si kila nyumba inaweza kuilipa. Viwanda vyetu vingi na mabasi yetu mengi ya umma yaliishi hivyo hivyo: chuma kizima kilipunguzwa kilingane na spea iliyokuwapo, ili kazi ya leo iende.

Leo Mlowo imo katika Mkoa wa Songwe, uliozaliwa mwaka 2016, na maduka ya spea yamejaa. Swali sasa ni ipi halisi na ipi ya bandia. Lakini wazee wa kazi bado hawanunui lori kwa kutazama rangi. Lori la baba mdogo lilisagwa mara ya pili mwaka 1991, na alipoliuza miaka michache baadaye, mnunuzi aliuliza jambo moja kabla ya bei: krenki iko ngapi? Aliambiwa ishirini. Akavuta kiti, akaketi, wakaanza kuzungumza.