Kambove, reli ya 1952 na waya mrefu wa Inga

Reli ilifika Kambove, mji wa migodi wa Katanga huko Kongo, mwaka 1913, treni zikivutwa kwa mvuke na kufuata shaba. Umeme ulikuja baadaye, na tatizo lake halijaisha hadi leo: mito ya Katanga hutoa umeme wa aina moja, shaba inataka wa aina nyingine.

Likasi, iliyokuja kuitwa Jadotville wakati wa ukoloni, ndiko lilikoanzia. Mwaka 1929 kampuni ya migodi ya Union Minière ilifungua kiwanda cha Shituru, ambako shaba huyeyushwa kwa asidi kisha hunaswa kwenye mabamba kwa nguvu ya umeme. Mwaka uliofuata bwawa la Mwadingusha, kwenye mto Lufira, ndani ya eneo hilohilo la Kambove, likaanza kuzalisha. Mitambo ya bwawa hutoa mkondo geu, unaokwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Birika za asidi za Shituru haziutaki, kwa kuwa mkondo ukirudi nyuma, shaba iliyonaswa nayo hurudi kwenye asidi. Kila birika huhitaji volti 2 hivi tu, lakini ampea kwa maelfu, zote zikielekea upande mmoja. Tani moja ya shaba hula takriban kilowati-saa 2,000 kwa njia hiyo. Miaka ile, duniani kote, kunyoosha mkondo kulikuwa kazi ya mashine za kuzunguka au ya mitungi yenye mvuke wa zebaki.

Kisha ikaja 1952. Kampuni ya reli ya BCK ilitandaza nyaya za umeme kati ya Jadotville na Tenke, Kambove ikiwa njiani, na ikachagua mkondo geu wa hezi 50, uleule wa viwandani. Ulikuwa uamuzi wa kijasiri. Wafaransa, mabingwa wa jambo hilo, walikuwa ndiyo kwanza wanaujaribu kwenye reli ya milimani huko Savoie. Njia yao kubwa ya Valenciennes–Thionville ilianza kuutumia 1954. Huko walishindanisha aina nne za vichwa vya treni, na aina iliyokuwa na vinyoosha mkondo vya zebaki ikafanya vizuri kuliko nyingine. Haikupita miaka mingi zebaki nayo ikafukuzwa na daiodi za silikoni: ndogo, ngumu, zisizojali mtikisiko wa reli. Leo Katanga na jirani zake wana zaidi ya kilomita 800 za reli yenye nyaya, ingawa treni zenyewe hupita kwa kusuasua.

Kabla ya silikoni palikuwa na germani, na hapa Katanga ina haki ya kujidai. Transista ya kwanza, iliyotengenezwa Bell Labs mwaka 1947, ilikuwa ya germani, na mgodi wa Kipushi, karibu na Lubumbashi, ukawa miongoni mwa vyanzo vikubwa vya madini hayo duniani. Joto ndilo lililoiangusha. Germani huanza kuvujisha mkondo kabla hata haijafikia joto la maji yanayochemka, wakati silikoni huvumilia nyuzi 125 na zaidi.

Mwaka 1957 General Electric ya Marekani ilitengeneza thairista, swichi ya silikoni isiyo na kiungo kinachosogea. Ni mtumishi mwenye sikio moja: amri ya kuwaka huisikia, ya kuzima haisikii, mpaka mkondo wenyewe ushuke hadi sifuri. Nayo hupata moto. Ikipitisha ampea 500 huku volti moja na nusu ikipotea ndani yake, hizo ni wati 750 za joto kwenye kisahani kisichozidi kiganja. Ndiyo maana hubanwa kati ya vipande vya metali yenye kupitisha joto upesi, kama shaba, kisha hupozwa kwa hewa au maji.

Thairista hizo ndizo zilizowezesha waya wa Inga–Shaba, Shaba likiwa jina la Katanga wakati huo. Ulipoanza kazi mwaka 1982, kilomita 1,700 kutoka bwawa la Inga kwenye mto Kongo hadi mji wa Kolwezi huko Katanga, haukuwa na mwenzake kwa urefu duniani. Uliwekewa volti 500,000 juu na 500,000 chini ya sifuri, kwa megawati 560. Umbali huo mkondo geu ungepotea mno njiani. Kwa hiyo Inga hunyoosha, Kolwezi hugeuza tena, na kutoka hapo nyaya za kawaida huelekea Likasi na Lubumbashi.

Kiufundi ni kazi ya kuvulia kofia. Kisiasa, wachambuzi wengi wanaona kwamba rais Mobutu alitaka jimbo lililowahi kujitenga mwaka 1960 litegemee swichi iliyo mbali nalo, na mimi sioni sababu ya kuwabishia. Hesabu ya fedha ndiyo mbaya zaidi. Bei ya shaba ilianguka katikati ya miaka ya 1970, Kolwezi ikaingia vitani 1978, deni likavimba. Mgodi wa Kamoto uliporomoka 1990, na Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka, ikashuka chini ya 50,000. Waya ukabaki na nafasi tele.

Sasa migodi imerudi, na umeme hautoshi. Ndani ya migodi hiyo swichi ni za kizazi kipya, IGBT, zilizoendelezwa General Electric na B. Jayant Baliga mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hizi husikia amri zote mbili, hivyo huweza kupunguza mwendo wa mota badala ya kuiacha ikimbie bure. Feni ya kupeleka hewa chini ya ardhi ikipunguzwa hadi asilimia 80 ya mwendo wake, hula karibu nusu tu ya umeme.

Vijiji vilivyo chini ya waya wa Inga havikupata chochote. Mkondo mnyoofu hauchotwi njiani kwa transfoma. Unahitaji kituo kizima cha kuugeuza, na kituo cha namna hiyo kwa ajili ya kijiji hakuna aliyekubali kukilipia.