UZI: Kati ya reli na nyumba, nani alimfuata mwenzake?

1/ Kila msimu wa kura huu mjadala hurudi: "Waliona reli, wakajenga hapo hapo. Wabomolewe!" Mimi nimeishi miaka minne kwa nyumba ya mabati kando ya reli, Kibera. Treni ikipita, vikombe vinacheza mezani. Ngoja niwape historia kidogo, ndio tubishane tukijua.

2/ Reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi 1899. Mji haukuwepo, uliletwa na reli. Na wa kwanza kulaza watu kando ya reli ni reli yenyewe. Barabara ya Landhies, pale Muthurwa, ilipata jina kutokana na landi, vyumba vya wafanyakazi. Wakubwa wa kizungu walijengewa kilimani, mbali na kelele.

3/ Kibera nayo? Wanubi, askari wa King's African Rifles, waliwekwa pale na mkoloni mwanzoni mwa karne iliyopita. Hati hawakupewa. Hati ya jamii, ekari 288, ilikuja 2017! Hiyo miaka yote, watu walizidi kuja kutafuta kazi, na vyumba vikajengwa mpaka kwa reli.

4/ 2004 ikatoka notisi: siku 30, kila aliye ndani ya mita 30 kutoka kwa reli atoke. Watu wakapinga. Maafisa wa reli wakaenda Mumbai kuona familia za kando ya reli zilivyohamishwa baada ya kujihesabu zenyewe. Huku pia watu wakahesabiwa, nyumba za mawe na vibanda vya biashara vikajengwa, ukuta ukawekwa. Ilichukua zaidi ya miaka 10, lakini iliwezekana.

5/ Msinielewe vibaya, hatari ni ya kweli. Septemba 12, 2011, mtaa wa Sinai: petroli ilivuja kutoka kwa bomba, ikaingia mtaroni, ikalipuka. Zaidi ya watu 100 walikufa. Waliishi hapo kwa sababu kodi ilikuwa nafuu na viwanda viko karibu, unatembea tu.

6/ Kwa hivyo mgombea akisema "tutabomoa", muulize: watalala wapi usiku huo? Akisema "hakuna atakayeguswa", muulize: bomba likivuja tena? Na wote wawili waulize nani amekuwa akipokea kodi. Tingatinga likija, anayetolewa godoro nje ni mpangaji. Mwenye plot mara nyingi haishi hapo.