Shija Asiye na Kulwa

Unyamwezini, jina peke yake humpa mkunga historia ya uzazi. Kulwa ni pacha aliyetangulia kutoka tumboni, Doto ni aliyemfuata. Shija si pacha: ni mtoto aliyezaliwa baada ya mapacha.

Mirambo alipounganisha Uyowa na Ulyankulu kuwa dola, hakukuwa na kadi ya kliniki. Wapagazi walibeba pembe za ndovu toka Tabora hadi Bagamoyo, wanawake nao wakiwamo misafarani na vyungu vyao, wengine wajawazito. Daktari mmishenari, Ebenezer Southon, alifika Urambo mwaka 1879. Mwaka 1882 alikuwa amekufa. Kumbukumbu za uzazi zilikaa vinywani mwa watu, na zilihifadhi kwanza mpangilio wa kutoka, si jinsia. Kulwa aweza kuwa wa kike au wa kiume.

Mpangilio huo una uzito wake. Kulwa akishatoka, mji wa mimba hubaki na nafasi ya ghafla. Doto aliyekuwa ameelekeza kichwa chini aweza kugeuka akalala kingamo, kitovu kikatangulia, au kondo la nyuma likaanza kubanduka yeye akiwa bado ndani. Ndiyo maana hadi leo mkunga hupapasa tumbo kwanza kabla ya kuchoma sindano ya oksitosini. Kama kuna mwingine, mji utajikaza juu yake.

Mwaka 1972 wakimbizi wa Burundi walianza kuletwa Ulyankulu, wakaja na hesabu yao: Bukuru, Butoyi, halafu Ciza kwa anayewafuata. Lugha nyingine, mpangilio uleule! Sioni ushirikina hapo, ingawa mapacha waliandamana na matambiko pande zote mbili. Naona watu waliojua uzazi upi ni wa hatari.

Lakini anayenishughulisha zaidi ni Shija. Mapacha wakifa ndani ya wiki ya kwanza, mara nyingi hakuna cheti kinachobaki. Mdogo wao huitwa Shija maisha yake yote, hata kama hakuwahi kuwaona. Kwa hiyo mwanafunzi wa udaktari akimuuliza mama, “Una watoto wangapi?” akajibiwa, “Mmoja, Shija,” asiandike moja akafunga faili. Mama huyo amewahi kubeba wawili kwa pamoja. Na kama walitokana na mayai mawili, uwezekano wake wa kubeba mapacha tena ni mkubwa kuliko wa jirani yake kwenye benchi.