Miezi 14 Iliyopotea Washington

Tarehe 8 Agosti 1942, Gerhart Riegner, mwakilishi wa Kongresi ya Kiyahudi Duniani, aliingia ubalozi mdogo wa Marekani mjini Geneva na habari nzito: Hitler alikuwa akipanga kuwaangamiza Wayahudi wote wa Ulaya. Aliomba habari hiyo imfikie Rabi Stephen Wise huko New York. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani iliipokea, ikaikalia. Wise aliipata mwishoni mwa mwezi kwa mlango wa London, akaombwa anyamaze hadi ithibitishwe. Novemba 24 aliruhusiwa kuutangazia ulimwengu.

Tangu siku hiyo ilipita miezi 14 kabla Rais Franklin Roosevelt hajaunda chombo cha kuwaokoa Wayahudi hao. Miezi hiyo ndiyo wanahistoria wanayoigombania hadi leo.

Kitabu cha David Wyman cha mwaka 1984 kiliishtaki Marekani kwa kuwatelekeza Wayahudi. William Rubinstein akajibu mwaka 1997: waliokuwa mikononi mwa Wanazi walikuwa mateka, hakuna aliyeweza kuwafikia, na njia ya kuwaokoa ilikuwa kushinda vita. Wanaomtetea Roosevelt huongeza kwamba Bunge halikutaka wahamiaji. Mwaka 1939 muswada wa kuwapokea watoto 20,000 kutoka Ujerumani ulifia bungeni bila hata kupigiwa kura.

Hoja hizo si za kupuuzwa. Hata hivyo, hazielezi yaliyotendeka ndani ya ofisi za serikali yenyewe.

Februari 1943, telegramu namba 354 ya Wizara ya Mambo ya Nje iliuelekeza ubalozi wa Marekani mjini Bern, Uswisi, usipitishe tena taarifa kama ile ya Riegner kwa watu binafsi. Maneno yake yalikuwa ya kawaida tu, ila yalitaja telegramu nyingine, namba 482, iliyoeleza kwamba mahali pamoja nchini Poland Wayahudi 6,000 walikuwa wakiuawa kila siku. Maofisa wa Wizara ya Fedha walipoomba nakala ya 354, waliletewa iliyoondolewa rejea hiyo. Josiah DuBois, mwanasheria wa Fedha, akapenya hadi akaiona ile halisi, ndipo akajua kilichofichwa.

Wakati huohuo, kibali cha kupeleka fedha Uswisi kwa ajili ya kuwaokoa Wayahudi wa Romania na Ufaransa kilikubaliwa na Wizara ya Fedha Julai 1943. Mambo ya Nje, ambako Breckinridge Long ndiye aliyesimamia masuala ya viza na wakimbizi, pamoja na Waingereza, walikizungusha hadi Desemba. Kila aliyewahi kuambiwa "njoo kesho" ofisini anaujua mchezo huo, ila hapa kila kesho ilikuwa na maiti zake.

DuBois aliandika ripoti iliyoituhumu serikali yake kwa kuyaridhia mauaji hayo. Januari 16, 1944, Waziri wa Fedha Henry Morgenthau, mwenyewe Myahudi, alimpelekea Roosevelt shauri hilo. Siku sita baadaye Rais alitia saini amri ya kuunda Bodi ya Wakimbizi wa Vita.

Bodi hiyo, chini ya John Pehle, ilishirikiana na Sweden kumpeleka Raoul Wallenberg mjini Budapest, ambako hati zake za ulinzi ziliokoa maelfu. Wakimbizi 982 waliletwa Oswego, jimbo la New York, wakawekwa katika kambi ya zamani ya jeshi. Baadaye Pehle mwenyewe alikiri kwamba kilichofanyika kilikuwa kidogo, tena kilichelewa.

Sasa tupime. Bodi haikubadilisha sheria ya uhamiaji, haikuondoa kikosi hata kimoja vitani, na fedha zake nyingi zilitoka kwa mashirika ya Wayahudi wenyewe. Ilihitaji saini ya Rais na watumishi waliotaka kufanya kazi. Vyote viwili vilikuwapo tangu Novemba 1942. Ni kweli Roosevelt asingeweza kuwaokoa mamilioni. Lakini wale ambao wangeweza kuokolewa, serikali yake iliwanyima miezi 14, na hilo halifutwi na ushindi wa vita.